Tembo wa Tabora na Mikono ya Dada

Nina sarafu saba za dhahabu, na kwa zaidi ya miaka arobaini watu tuliojua habari hiyo tulikuwa mmoja. Leo naandika waziwazi kwa sababu hazipo tena pale nilipokuwa nazificha, kwa hiyo mwenye nia ya kuja kuchimba sakafu ya chumba changu hapa Same asijisumbue. Ataharibu saruji bure, na mimi ndiye nitakayeiziba.

Mimi ni fundi saa. Kibanda changu kiko karibu na stendi, na nyuma yake kuna chumba ninacholala. Watu hudhani kazi hii imekufa kwa kuwa siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu. Haijafa, imezeeka tu, na mimi pia. Nabadilisha betri, napunguza mikanda, nagombana na vumbi la Same ambalo huingia hata kwenye saa iliyoandikwa kwamba maji hayaingii. Mteja akiniachia saa yake naweka kioo cha kukuzia jichoni, nakunja uso ili kisidondoke, na kuanzia hapo mtu akinisemesha namjibu kwa kuguna. Kazi hii ilinifaa tangu mwanzo, maana hata nilipokuwa kijana sikuwa mtu wa maneno mengi.

Sarafu ya kwanza niliuziwa na mkata mkonge. Alikuja upande huu akiwa kijana kutoka mbali huko magharibi, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, na sasa alitaka kurudi kwao kabla hajafa. Alifungua kitambaa akanionyesha pauni ya dhahabu ya Waingereza, upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mpanda farasi anamchoma joka. Aliipata zamani kwa kubadilishana na baiskeli, na aliyembadilishia alifurahi sana kupata baiskeli. Nilimpa nauli yake na zaidi kidogo, nikamwongezea saa ya mkononi. Aliivaa palepale, akanyanyua mkono kuitazama, akaenda zake.

Jioni ile niliiweka pauni chini ya kioo. Shingo ya mfalme ilikuwa imelika mpaka imekuwa laini, na farasi alikuwa hana macho. Nikajiuliza ni vidole vya watu wangapi vimepita pale, na walikuwa wananunua nini, na walikuwa na wasiwasi gani. Mfalme mwenyewe alishakufa, na wenye vidole walishakufa, na ile pauni ilikuwa imefika Same kwenye meza yangu. Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba nilijisikia kama nimepata mgeni. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na sikuwa na wageni.

Ya pili nilinunua kwa mjane wa sonara. Haikuwa na kichwa cha mtu wala mnyama, ni maandishi tu yaliyosokotwa, ya masultani wa Waturuki, na ilikuja huku mfukoni mwa mtu aliyetoka kuhiji. Za katikati sitazieleza zote. Mtu akianza kueleza sarafu zake hajui kunyamaza, na mimi nimechelewa mno kujifunza kuongea kiasi cha kutaka kuwachosha watu.

Ila lazima nieleze kwa nini nilizificha. Nilikuwa nimeshapata mbili ulipofika ule wakati wa kusakwa wahujumu uchumi, serikali ilipowawinda walioficha mali. Walioukuta wanaukumbuka. Watu walimwaga sukari chooni, walizika sabuni shambani, na mwenye redio mbili alijifanya ana moja. Mimi nilikuwa na dhahabu ya wafalme ndani ya nyumba ya kupanga, na kila gari likisimama nje nilizima taa. Nilizifukia chini ya jiko la mkaa, nikalitumia lile jiko kila siku ili majivu yasipoe. Hakuna aliyekuja kunisaka. Fundi saa mwenye suruali moja nzuri nani angemfuata? Lakini hofu ile iliniingia ikakaa, na wakati ule ulipopita, wenzangu wakarudi kucheka na redio zao mbili, mimi nilibaki na desturi ya kufunga mlango.

Nilioa. Mke wangu alikuwa mtu wa Gonja, mchangamfu, anaimba akifua. Alivumilia miaka minne. Nilikuwa na kijisanduku chenye kufuli ambacho sikumwonyesha kilichomo, na kila Jumapili alasiri nilijifungia nacho chumbani kwa saa nzima. Akaamini ndani yake kuna barua za mwanamke. Aliniuliza mara ya kwanza kwa utani, mara ya pili kwa kilio, na mara ya tatu hakuniuliza, alikunja nguo zake. Ningeweza kumfungulia kile kijisanduku. Ingenigharimu dakika moja. Niliogopa kwamba atamwambia mama yake, mama yake atamwambia jirani, na kabla ya wiki kwisha mji mzima utakuwa unahesabu sarafu zangu. Nikamwacha aondoke akiamini uongo, kwa sababu ukweli niliuona wa thamani kuliko yeye. Nilikuwa mjinga wa kupindukia, na nalisema hili bila kujipamba.

Sarafu iliyoleta kisa hiki niliipata Ndungu. Niliitwa kwenda kutengeneza saa ya ukutani ya kanisa, iliyokuwa inagonga mara tisa hata ikiwa saa sita, na kwa kuwa kazi ilikuwa ya siku mbili nililala kwa mzee mmoja mkulima wa mpunga. Siku ya pili, baada ya kunitazama nikifanya kazi asubuhi nzima, alinipeleka kwenye mtungi wa mbegu. Akaingiza mkono ndani ya mpunga mpaka kwenye kiwiko, akatoa dhahabu.

Nilimjua yule tembo kabla sijamwona vizuri. Anatembea, mkonga juu, na nyuma yake kuna milima. Upande wa pili ni tai wa Wajerumani mwenye taji. Sarafu hizi zilitengenezwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa ile vita kuu ya kwanza. Wajerumani walikuwa wamezingirwa, fedha hazifiki tena kutoka kwao, na askari wanataka kulipwa, basi wakachukua dhahabu ya humuhumu nchini wakapiga sarafu kwa mitambo waliyokuwa nayo. Muda si mrefu mji ukatekwa. Babu yake yule mzee alikuwa mpagazi katika vita ile. Alirudi Ndungu na kidonda mgongoni na sarafu moja, na alipojaribu kuitumia aliambiwa hela za Mjerumani hazina kazi. Basi akaitia kwenye mbegu. Kila msimu mbegu zilimwagwa zikapandwa, na tembo akarudishwa kwenye mbegu mpya. Alipita hivyo enzi za Mwingereza, akapita uhuru, akapita vijiji vya ujamaa mtungi ulipobebwa kichwani kutoka nyumba ya zamani kwenda mpya, akapita miaka ya njaa ya bidhaa, na hakuna aliyemgusa isipokuwa mkono wa mwenye mtungi, mara moja kwa mwaka.

Mzee aliniuzia. Nilimuuliza kwa nini hawapi wanawe.

“Wewe unaiangalia,” akasema. “Wanangu wanaipima.”

Nilirudi Same na tembo kwenye soksi. Alikuwa mwekundu kidogo, maana dhahabu ile ilichanganywa na shaba, na katikati ya miguu yake na ndani ya herufi kulikuwa na uchafu mweusi uliokauka. Kwa mtu asiyejua, ule ulikuwa uchafu. Kwangu ulikuwa ndiyo habari yenyewe. Ulikuwa na jasho la mpagazi, na vumbi la njia ya reli, na unga wa mpunga wa miaka yote ile. Mkusanyaji mmoja wa Dar es Salaam, ambaye tumejuana kwa simu tu na hajui hata jina langu la kweli, nilimtumia picha na akanijibu mara moja: usiisafishe, hata kwa pumzi yako. Sikuhitaji kuambiwa. Kila Jumapili nilimtoa, nikamshika pembeni kwa kucha, nikamtazama mpaka mwanga wa dirishani ukapungua, nikamrudisha.

Nina dada mmoja. Ni mkubwa wangu kwa miaka mitano na ndiye aliyenilea mgongoni, na tangu mumewe afariki alikuwa akiishi peke yake kwetu Ngujini, juu kabisa Ugweno, kwenye migomba na kahawa ya baba. Kila siku ya gulio aliteremka mpaka Mwanga, akapanda basi, akaja Same na mkungu wa ndizi. Sehemu aliuza, sehemu aliniletea. Kisha alikaa kwenye benchi la wateja akanihadithia nani kaoa, nani kalazwa, ng'ombe wa nani kaingia shamba la nani. Mimi niko na kioo jichoni naguna. Saa tisa alisema, “Haya mdogo wangu, umenichosha kwa mazungumzo yako,” akaondoka akicheka. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia chumba cha nyuma. Sikumkataza. Niliweka tu benchi mahali ambapo mtu akikaa hana sababu ya kuingia.

Mwaka juzi tembo akaanza kuingia ukungu. Kwanza nilidhani kioo kimechafuka, nikakifuta. Halafu nikaona na saa za wateja nazo zina ukungu, na sura za watu, na basi la Moshi. Ulikuwa mtoto wa jicho. Nilipangiwa kwenda Moshi kufanyiwa upasuaji, siku tatu, na dada akasema atanisindikiza. Nikamwambia hapana, nani atalisha kuku wako. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kazi nyingine ya kumpa.

Zile sita zilikuwa ndani ya saruji na sikuwa na wasiwasi nazo. Tembo ndiye aliyekuwa nje, kwa sababu nilikuwa namtoa kila wiki, na kwa macho yale nisingeweza kumfukia. Wiki hiyohiyo wezi walikuwa wamevunja duka la jirani. Nikamfunga kwenye kitambaa, nikamfunga tena kwenye gazeti, nikampa dada pale kwenye benchi.

“Nitunzie hii. Usimwonyeshe mtu.”

Hakuuliza ni nini. Alikitazama kile kifurushi, akanitazama mimi, akakiweka kifuani ndani ya nguo. Nilikumbuka baadaye kwamba siku ile aliondoka bila kunitania.

Sasa lazima nieleze tulivyolelewa. Kwetu kitu cha mtu hakirudi kwa mwenyewe kichafu. Ukiazima sufuria unairudisha imesuguliwa nje na ndani, hata kama uliichukua ina masizi ya mwaka mzima. Hasa kama uliichukua ina masizi. Unakaa mtoni na jivu, mchanga na gunzi la muhindi, unasugua mpaka uone meno yako, halafu ndani unaweka chochote, ndizi mbili au kikombe cha maharage, ndipo unairudisha. Mama alikuwa anatuchapa kwa hilo. Mtu akirudishiwa chombo chake kinang'aa anajua kwamba amepewa heshima, na kwamba hata kesho unaweza kuja kuazima kwake tena. Dada yangu hakuwa na mfano kwa kusugua. Majirani walikuwa wanamwazimisha vyombo asivyovihitaji ili tu virudi vinang'aa.

Nilirudi kutoka Moshi nikiwa na jicho jipya. Ajabu yake siwezi kuielezea. Niliona nyufa za ukuta wangu, niliona rangi ya mlango, niliona kwamba shati langu jeupe si jeupe. Siku ya gulio dada akaja. Nilikuwa chumbani nafungua dirisha, na kwa mara ya kwanza sikumngoja kibandani, akaingia hadi kwenye mlango wa chumba akiwa na ndizi. Akaingiza mkono kifuani akanipa leso mpya iliyokunjwa.

“Fungua,” akasema. Alikuwa anatabasamu.

Tembo aling'aa. Aling'aa kama kijiko cha dukani. Wekundu ulikuwa umekwenda, weusi wa miguuni umekwenda, herufi ziko tupu. Nilikimbilia kibandani kuchukua kioo cha kukuzia, nikarudi, nikakiweka kwenye jicho langu jipya, na nikaona vizuri kuliko nilivyowahi kuona maishani. Mikwaruzo. Mamia ya mikwaruzo midogo imezunguka ubavuni, kwenye mkonga, kwenye milima, kila mmoja umefuata mwendo wa kidole.

“Nani amefanya hivi?”

“Mimi,” akasema, bado anatabasamu. “Ilikuwa chafu, jamani! Nilianza na jivu, ikagoma hapo kwenye miguu ya huyo mnyama. Nikatia mchanga wa mtoni na limau. Asubuhi nzima.”

Nilimwambia maneno ambayo yananiamsha mpaka leo. Nilimwambia ameua kitu kilichoishi miaka mingi kuliko babu yetu. Nilimwambia Waingereza wameshindwa kukiharibu, vita imeshindwa, njaa imeshindwa, ameweza yeye na limau lake. Alikuwa ameacha kutabasamu tangu neno la kwanza, lakini sikunyamaza. Nikamwambia, “Bora ningempa mwizi. Mwizi angejua ameshika nini.”

Alijifunga khanga upya kiunoni, pole pole.

“Haya, mdogo wangu,” akasema.

Sikugeuka. Nilikuwa bado na kioo jichoni, natafuta kama kuna mahali popote, hata nukta moja, ambapo mchanga haukufika.

Siku ya gulio iliyofuata hakuja. Nilisema amenuna, hasira zitamwisha. Ya pili hakuja, nikasema mvua. Kufikia ya tano nilikuwa naketi natazama upande wa stendi kila basi la Mwanga linaposimama, na nikiona khanga ya rangi yake nanyanyuka. Ningeweza kumpigia simu. Simu ilikuwa mkononi siku nzima. Lakini nilikuwa nimejizoesha kwamba yeye ndiye huja, na mimi ndiye hukutwa, na sikujua mtu anaanzaje kuwa yule mwingine.

Miezi minane ilipita hivyo. Nilinunua ndizi za wachuuzi na zilikuwa ndizi tu. Jumapili nilimtoa tembo nikamtazama kwa muda mfupi, nikamrudisha. Nikachimbua na zile sita, kwa kuwa sasa nilikuwa naona, nikazipanga zote juu ya kitanda. Ilinijia kwamba sarafu hizi zimepita vita na wafalme kwa sababu kila enzi ilikuwa na mtu aliyezificha, na kwamba watu wote hao waliozificha sijui hata mmoja wao alikula chakula na nani. Nilikaa pale na dhahabu ya nchi tatu mbele yangu na hakuna mtu wa kumwita aje aone. Upweke wenyewe nilikuwa nimeuzoea. Kilichonishinda ni kimya cha siku za gulio, maana siku zile zilikuwa na sauti.

Kisha mteja mmoja wa Ngujini akaleta saa. Wakati nikiifungua akasema, kama mtu anayepitisha muda, “Kumbe dada yako anahama Jumamosi. Mwanawe anamchukua akakae naye kule Bendera.”

Nilimrudishia saa yake ikiwa wazi vilevile. Nikamwambia arudi wiki ijayo.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi mpaka Mwanga, nikapata gari la kupanda Ugweno, nikamalizia kwa bodaboda kwenye ile njia ya udongo mwekundu. Sikuwa nimefika nyumbani kwa miaka sita. Pikapu ya mpwa wangu ilikuwa imeshapakiwa nusu: godoro, makreti, masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine, kuku wamefungwa miguu. Dada amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba anaamuru.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.” Alinitazama jicho langu, lile jipya, kwanza. “Linaona?”

“Linaona.”

“Haya. Kula, utakuwa na njaa.”

Nililetewa makande. Nilikula nimesimama, kwa sababu viti vilikuwa vimeshapakiwa, na nilipomaliza nikachuchumaa mbele yake nikasema nililokuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia kwamba nilimpa kitu bila kumwambia ni nini, halafu nikamtukana kwa kutokujua, na kwamba kosa lilikuwa langu kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikatoa tembo mfukoni nikamwekea mkononi. Nikasema ni wake.

Alimgeuza mara mbili. Akanirudishia.

“Mimi nitamfanyia nini? Nimsugue tena?”

Alicheka kidogo, na mimi nikacheka, na nikadhani yamekwisha. Nikamwambia ashushe mizigo. Nikamwambia twende Same, chumba cha nyuma nitakigawa kwa pazia, au nitapanga nyumba yenye vyumba viwili, tukae wote. Nikamwambia siwezi kukaa peke yangu tena. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote hivyo.

Alimtazama mwanawe aliyekuwa anakaza kamba upande wa pili wa gari, akashusha sauti.

“Siku ile nilikuja na begi.”

“Begi gani?”

“Begi langu. Nguo zangu nzuri, Biblia, dawa zangu za presha. Nilisema, huyu jicho limepasuliwa, hana wa kumpikia, na mimi huku juu niko mwenyewe. Na amenipa kitu chake nimtunzie, hajawahi kunipa kitu. Basi nikasema sasa amefungua mlango. Kuku nikamwachia jirani anilishie. Nilikuwa nangoja umalize kukiangalia hicho chako ndiyo nikuambie nimekuja kukaa.”

“Dada, sikuliona begi.”

“Lilikuwa pale mlangoni pa chumba chako, katikati,” akasema. “Uliliruka ukienda kuchukua kioo chako. Ukaliruka tena ukirudi.”

Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. Nikamwuliza kama sasa haiwezekani, akasema mwanawe ameshajenga chumba, amekipaka chokaa, wajukuu wamechagua upande wa kitanda watakaolala naye. “Siwezi kuwaambia watoto nimebadilisha,” akasema. Na Bendera kuna joto, anajua, na mbu, anajua. Akaniuliza kama nimeshiba.

Tulifunga nyumba ya baba saa nane mchana. Gari lilikuwa na nafasi ya watu watatu mbele, mpwa wangu kwenye usukani, dada katikati, mimi mlangoni. Njia ya kwenda Bendera inapitia Same, kwa hiyo tulikubaliana watanishusha kwangu. Kushuka mlima dada alikuwa anageukageuka kuangalia kuku. Tulipofika kwenye lami pale Mwanga alitulia, na kabla hatujafika mbali akasinzia, na kichwa chake kikaja kikakaa begani kwangu.

Sikujidanganya kwamba amenirudia. Alikuwa amechoka, ana miaka yake, na alikuwa macho tangu alfajiri. Upande wa pili kulikuwa na mwanawe anayebadilisha gia, kwa hiyo kichwa kilikuja kwangu. Lakini nilikaa bila kusogea. Mkono wangu ulikufa ganzi na sikuusogeza. Nywele zake zilikuwa na harufu ya moshi wa kuni, na zilikuwa nyeupe kuliko nilivyojua, na niliziangalia kwa karibu kwa lile jicho mpaka tukaanza kuona mabati ya Same.

Mpwa wangu akapunguza mwendo karibu na stendi. Kibanda changu kilikuwa pale, kimefungwa, na mteja mmoja amesimama mbele yake anachungulia kwenye upenyo wa mbao.

“Mjomba, tumefika.”

“Usisimame,” nikamwambia kwa sauti ndogo.

“Hushuki?”

“Endesha. Nitarudi na basi.”

Akanitazama, akamtazama mama yake, akakanyaga mafuta. Kibanda kikapita upande wa mlango wangu na sikugeuza shingo kukifuata. Mbele yetu bado kulikuwa na mwendo mrefu wa kwenda Bendera, na njiani kuna mashimo, na nilimwomba mpwa wangu aende taratibu.